Shajara ya mradi: kusoma kwa pakiti, kanga na vibao vya mtaani (Muheza, Februari hadi Agosti 2025)

3 Februari 2025

Leo nimefungua shajara hii ili niweke kumbukumbu ya kazi ambayo nimeipanga kwa muda mrefu bila kuianza. Nafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, mkoani Tanga, na darasa langu lina watoto 86. Kati yao, 29 wanazijua sauti za herufi zikiwa pekee, na wengi wao wanaimba ba, be, bi, bo, bu bila kukosea, lakini wakikutana na neno zima hukwama katikati au hubahatisha mwisho wake. Wapo wanaosoma ukurasa wa kitabu kwa ufasaha wa kushangaza, mpaka ukifunika picha ndipo unapogundua kwamba wamekariri.

Tangu mtaala wa KKK uanze mwaka 2015, saa nyingi za darasa la kwanza na la pili ni za kusoma, kuandika na kuhesabu, na hilo limesaidia. Hata hivyo, tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto wamekuwa wengi kuliko vitabu, na kitabu kimoja kinachoshikwa na watoto wanne husomwa na yule aliyekishika. Nimeamua basi kuwatumia watoto hawa 29 maandishi ambayo tayari wanayo: ya jikoni kwao, ya dukani, ya njiani na ya kwenye nguo za mama zao. Watabaki nami dakika 30 baada ya wenzao kutoka, mara tatu kwa wiki. Vitabu vya kiada vinaendelea kama kawaida, na mradi huu hauchukui nafasi yake.

Nimewaambia kila mmoja alete kitu kimoja tu kutoka nyumbani, kitupu na kisafi, chenye maandishi.

11 Februari

Sanduku limejaa, pamoja na sisimizi, kwa sababu neno "kisafi" halikusikika vizuri kama neno "kitupu". Zimeletwa pakiti za chumvi, majani ya chai, amira na unga wa sembe, karatasi za sabuni ya mche, maboksi ya dawa ya meno na ya viberiti, kifuko cha mbegu za mchicha, na mfuko mzima wa saruji ambao mvulana mmoja aliubeba kichwani akajaa vumbi hadi kwenye kope. Nusu ya vitu hivi vimeandikwa kwa Kiingereza kitupu. Nimeviweka kando. Mtoto ambaye bado anahangaika kuunganisha silabi za Kiswahili, ambamo herufi karibu kila mara hutamkwa kama ilivyoandikwa, hastahili kutupiwa pia lugha ambayo herufi zake hazina mwenendo huo.

13 Februari

Jambo la leo nitaliandika kwa ukamilifu ili yeyote atakayeiga kazi hii asirudie kosa langu. Binti mmoja aliyekuwa hayupo juzi ameleta kifuko kidogo chenye kung'aa, chenye picha ya nyanya nono, akakiweka juu ya dawati langu kwa fahari. Nilikigeuza nikaona fuvu la kichwa na neno SUMU. Kilikuwa kifuko cha dawa ya kunyunyizia wadudu, na ndani ya kona yake kulikuwa bado na unga mweupe. Nilimpeleka bombani, tukanawa mikono yote minne kwa sabuni, kisha nikakagua sanduku zima upya na kumwarifu mama yake, ambaye alieleza kwamba mtoto alikiokota pembeni mwa shamba la jirani.

Kosa ni langu. Niliomba maandishi bila kutaja ni maandishi gani hayaguswi. Kuanzia leo ubaoni pana orodha ya visivyoletwa: vifuko vya dawa za shambani, chupa na maboksi ya dawa za binadamu, pakiti za sigara, chupa za pombe, makopo yenye makali na chochote kilichookotwa. Na neno la kwanza la mradi huu, kinyume cha nilivyopanga, limekuwa SUMU. Tumelisoma kwa herufi kubwa na ndogo, nao wamelichora pamoja na fuvu lake. La pili ni HATARI, ambalo wanaliona kila siku kwenye nguzo za umeme.

26 Februari

Kwa wiki mbili nilikuwa na furaha ambayo leo nimeitilia shaka. Watoto walikuwa "wanasoma" kila pakiti niliyoinyanyua. Hata wale wagumu kabisa walitaja chumvi, sabuni na chai kabla sijaufikisha mkono wangu usawa wa kifua. Mwalimu mwenzangu aliyechungulia dirishani alinipongeza. Kasi ile ndiyo iliyonitia wasiwasi, kwa sababu mtoto anayeunganisha silabi kwa mara ya kwanza huenda polepole, midomo ikicheza.

Nikakumbuka jambo ambalo mkufunzi wetu alitusimulia chuoni. Mwaka 1984 watafiti watatu wa Marekani, Patricia Masonheimer, Priscilla Drum na Linnea Ehri, waliwaonyesha watoto wadogo nembo wanazozifahamu, kisha wakabadilisha herufi moja katika baadhi yake, kwa mfano Pepsi ikaandikwa Xepsi. Wengi wa watoto wale ambao hawakuwa wamejua kusoma waliendelea kusema Pepsi bila kuona kasoro. Walikuwa wanaitambua rangi na umbo kama mtu anavyoitambua sura ya jirani, na mtu haisomi sura ya jirani herufi kwa herufi.

Basi jana usiku nilichukua pakiti ya majani ya chai, nikakata kipande kidogo kutoka pakiti nyingine ya aina hiyohiyo ili rangi ifanane, nikachora U juu yake kwa kalamu ya wino mzito, nikakibandika juu ya A. Neno CHAI likawa CHUI. Leo nimewaita watoto mmoja mmoja nje ya mlango, chini ya mwembe, nikamwonyesha kila mmoja pakiti hiyo na kumuuliza pameandikwa nini. Watoto 27 wamejibu "chai". Mmoja amesema "majani". Mmoja amenyamaza, ameitazama pakiti, amenitazama mimi, kisha ameuliza kama anaruhusiwa kurudi ndani.

Hakuna hata mmoja aliyesema chui. Sikumwambia yeyote kilichofanyika, na pakiti nimeifungia kabatini kwa sababu nitaihitaji tena. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza zimefundisha majina ya bidhaa, na hayo waliyajua kabla hawajaanza shule.

13 Machi

Nimeupanga upya utaratibu. Pakiti nzima inaonyeshwa siku ya kwanza tu, ili mtoto ajue neno linahusu nini. Siku ya pili tunakata neno lenyewe kwa mkasi na kuitupa picha. Siku ya tatu neno hilohilo linaandikwa kwa wino mweusi juu ya kadi nyeupe ya manila, bila rangi na bila mapambo. Siku ya nne linavunjwa: kadi inakatwa silabi kwa silabi, chu na mvi, sa na bu na ni, na watoto wanazichanganya wapate maneno mengine. Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye faida kubwa, maana ndipo mtoto anapogundua kwamba "bu" ya sabuni ndiyo "bu" ya kitabu.

Hapo nikakutana na kikwazo ambacho, nikiri, nilipaswa kukiona mapema. Sisi darasani tunaanza na herufi ndogo, lakini dunia ya nje imeandikwa kwa herufi kubwa. Mtoto anayeisoma "a" kwa uhakika anaitazama A kama paa la nyumba. Nilikaa jioni moja nikizipanga herufi katika mafungu mawili. Kuna zile ambazo kubwa na ndogo ni sura moja iliyokuzwa au karibu sana nayo: c, j, k, o, p, s, u, v, w, z, na i. Kuna zile ambazo kubwa na ndogo hazifanani, yaani a, b, d, e, g, h, l, n, r, t. Kisha nikajiuliza ni maneno gani ya mtaani yanayoandikwa kwa fungu la kwanza peke yake, ili mtoto ayaingie bila kikwazo, na jibu nililipata kwenye ubao wa mama lishe aliye nje ya uzio wa shule: SUPU, UJI, KUKU.

Maneno hayo matatu yamefanya kazi kuliko pakiti zote za Februari. Tulisimama mbele ya ubao ule na kila mtoto akasoma kwa sauti yake. Mama lishe alifuta "chapati" kwa muda ili isituchanganye, kisha akaiandika tena wateja walipoanza kuiulizia.

Kwa kuwa mwezi wa Ramadhani umeanza na baadhi yao wanajaribu kufunga, kipindi nimekihamishia asubuhi kabla ya kengele ya mstarini. Saa sita mchana mtoto aliyefunga hamsikilizi mtu.

23 Aprili

Sikukuu imepita na nguo mpya zimeonekana, kwa hiyo tumeingia kwenye kanga. Niliwaandikia akina mama wamwazime mtoto kanga moja kwa siku moja. Nimeongeza kwa unyenyekevu kwamba wachague ile ambayo jina lake linafaa kusomwa mbele ya watoto, kwa maana kanga nyingine zimenunuliwa ili jirani azisome, na mambo yaliyomo si ya darasa la pili.

Kanga ina fadhila ambazo pakiti haina. Hakuna picha inayokuambia maneno yanasema nini: pindo ni pindo, mji ni mji, na kwenye jina hakuna msaada wowote isipokuwa herufi. Maandishi ni makubwa kiasi cha kusomwa na watoto walio nyuma, na ni sentensi nzima. Tumesoma WEMA HAUOZI na HASIDI HANA SABABU. La pili liliwashinda kwanza kwa sababu ya neno "hasidi", ambalo walilitamka vizuri bila kulijua, nami nikapata nafasi ya kuwaeleza kwamba kulitamka neno na kulielewa ni kazi mbili.

Tukio la leo lazima niliandike. Binti wa muuza maandazi, ambaye Februari hakuwa akimaliza neno la silabi tatu, alisoma jina la kanga ya mama yake, kisha akaendelea na maandishi madogo yaliyo pembeni ambayo sikuwa nimeyapangia somo: MA-LI YA A-B... hapo akasita, kwa sababu b haikufuatwa na irabu kama alivyozoea, akaruka, akarudi, hatimaye akasema "Abdulla". Akainua uso akiwa na hofu ya kweli. "Mwalimu, kumbe hii kanga si ya mama. Ni ya Abdulla." Nilimweleza kwamba hiyo ni alama ya wafanyabiashara wa Mombasa, akina Kaderdina Hajee Essak, na kwamba imo kwenye kanga za nyumba nyingi. Hakuridhika sana. Alisema atamuuliza mama.

Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake alituambia kwamba zamani kanga ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwamba mama yake mzazi aliyajua maandishi hayo lakini hakujua haya ya sasa.

14 Mei

Leo tumefanya matembezi, kwa idhini ya Mwalimu Mkuu na tukiwa na wazazi wawili wa kusindikiza, kutoka lango la shule hadi sokoni na kurudi. Kila mtoto alikuwa na karatasi, penseli na agizo moja: anakili maandishi matano anayoweza kuyasoma mwenyewe.

Nilikuwa nimepita njia hiyo peke yangu siku moja kabla ili nijue tutakutana na nini, na bado yalinizidi. Ukutani mwa nyumba ya tatu kutoka shuleni pameandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Walilisoma wote kwa pamoja, kisha wakauliza kwa nini mtu aandike kwamba hauzi, wakati wengine wote huandika wanachouza. Mzazi mmoja alieleza habari za matapeli na ndugu wanaouza nyumba za urithi kwa siri, na maelezo hayo yalichukua muda mrefu kuliko nilivyopenda. Dukani palikuwa na LEO FEDHA KESHO MKOPO. Mvulana mmoja aliahidi kwa dhati kurudi kesho.

Kisha tukafika kwa wauza machungwa. Msimu ndio unaanza na mafungu yamepangwa hadi pembezoni mwa barabara. Neno "machungwa" nilikuwa nimelikwepa darasani, kwa sababu silabi "ngwa" ina herufi tatu kabla ya irabu na ni mtego hata kwa wasomaji wazuri. Kwenye meza moja palisimama kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: MACHUGWA MATAMU. Nilikiona kabla yao nikajiandaa kuwapitisha upesi.

Mvulana wa dawati la mwisho, yule aliyeleta mfuko wa saruji, alisimama. Aliweka kidole hewani akafuata herufi kutoka mbali: "Ma. Chu. Gwa." Akanyamaza. Akasoma tena, "machugwa," akaanza kucheka, na wenzake wakasogea. Machungwa yalikuwa mbele yake, mamia kwa mamia, yakinuka, na kila kitu mezani kilimwambia neno sahihi ni lipi. Februari mtoto huyu alitazama CHUI akasema chai. Leo alitazama machungwa akasema kilichoandikwa.

Muuzaji hakufurahi mwanzoni, na mimi nikaomba radhi kwa niaba ya darasa. Baadaye alimpa mtoto kipande cha mkaa aisahihishe. Nafasi ya kuingiza N haikuwepo, ikabidi ikae juu, kati ya U na G, kama ndege kwenye waya. "Na hiyo N ni ya bure, mwalimu," aliuliza, "au nitaidaiwa?" Tuliondoka na machungwa sita.

3 Juni

Kabla ya likizo nimeitoa ile pakiti kabatini. Watoto wamebaki 27, kwa kuwa wawili wamehama na wazazi wao. Nimerudia utaratibu uleule, mmoja mmoja, chini ya mwembe.

Aliyetangulia aliifunika picha ya kikombe kwa kiganja, kama tulivyozoea darasani, akasoma "chu-i", akanitazama, akasoma tena. "Mwalimu, wanauza chui?" Kufikia mwisho watoto 19 walikuwa wamesema chui. Watano walisema chai. Watatu waliyataja majina ya herufi wakashindwa kuziunganisha, na hawa watatu ndio watakaokaa mstari wa mbele Julai.

Naona ni haki kuandika kwamba sifa hii si ya pakiti na kanga peke yake. Katika miezi hiyo minne watoto walikuwa pia na vipindi vyao vya kawaida, sauti za herufi kila asubuhi, na kitabu cha kiada, na wamekua kwa miezi minne. Siwezi kutenganisha kipi kilifanya nini. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba sasa wanazitazama herufi, na kwamba walipokuwa wanaonyeshwa pakiti bila kuivunjavunja hawakuzitazama.

17 Julai

Mzazi mmoja amekuja na malalamiko, tena mbele ya Mwalimu Mkuu. "Mimi mwanangu nimemleta shule asome vitabu," amesema, "si kuchambua jalala." Sikulipuuza neno lake. Mtu aliyejinyima ili mtoto avae sare ana haki ya kuuliza kwa nini analetewa karatasi za sabuni. Nimemwonyesha daftari la mwanawe la Februari na la sasa, nikamwomba mtoto asome ukurasa ambao hajawahi kuuona, naye akausoma, kwa kusitasita lakini mpaka mwisho. Mzazi hakusema kwamba ameridhika. Amesema mfuko wa sembe atauleta yeye mwenyewe, uliooshwa.

Aliyenitetea zaidi ni yule bibi wa kanga. Alikuwa binti Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mama yake mdogo alijifunza kusoma ukubwani huko Mwanza. Kule kanda ya ziwa, katika mradi wa majaribio wa UNESCO wa mwaka 1968 hadi 1972, vitabu vya kisomo vilihusu kazi za watu, pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe, na mkulima alianza na maneno aliyoyashika mkononi mchana kutwa. "Mamdogo alianza na pamba," bibi alimwambia yule mzazi. "Wewe unaona haya ya sabuni?"

21 Agosti

Wale watatu wa mbele: wawili wameanza kuunganisha. Wa tatu nimemshauri mama yake ampeleke akapimwe macho, kwa sababu nimeona anasoma kadi vizuri akiishika karibu na pua na kubahatisha iliyo ubaoni. Laiti ningeligundua hili Februari badala ya kumhesabu miongoni mwa wazito.

Sanduku limeanza kubadilika. Mwezi huu hawaleti tena, wanatengeneza. Nimewapa maboksi matupu yaliyogeuzwa ndani nje, nao wanaandika lebo za bidhaa zao: ASALI YA BIBI, SABUNI YA POVU JINGI, na pakiti moja ya CHUI, gramu 50, ambayo nimeshindwa kujua ni utani wa nani. Wiki ijayo tutaweka duka nyuma ya darasa, ili kuandika kukutane na kuhesabu.

Jioni hii nilipokuwa nakusanya madaftari nililiona la mvulana wa machungwa. Juu ya jalada, kwa wino mwekundu ambao sijui aliupata wapi, ameandika kwa herufi kubwa zilizojaa upana wote: DAFTALI HILI HALIUZWI. Nilisimama nalo kwa muda. NYUMBA HII HAIUZWI imegeuka kuwa hili na haliuzwi, na ngeli hakuna aliyemfundisha kwa mradi huu. Nilichukua kalamu nikasahihisha L moja kuwa R, mengine nikayaacha kama yalivyo.